Katazo la kufunza AI liandikwe roboti inaposoma

Mhariri,

Siku hizi ni kawaida kukuta chini ya tovuti za waandishi, wachoraji na wapiga picha maneno kama haya: "Hairuhusiwi kutumia kazi hizi kufunza akili unde." Nia inaeleweka. Shida ni kwamba maneno hayo husomwa na watu, na anayekuja kuchota kazi si mtu. Ni roboti, yaani programu inayopitia kurasa kwa maelfu, na ile yenye adabu, kabla haijagusa ukurasa hata mmoja, hutafuta kwanza faili liitwalo robots.txt. Isipokuta humo katazo, inaendelea na kazi yake. Naomba nafasi nieleze matakwa ya mtunzi yaandikwe wapi na vipi, na huharibikia wapi, kwa sababu makatazo mengi yanayodaiwa "kupuuzwa" ukiyachunguza utakuta hayakuwahi kumfikia yeyote.

Faili hilo ni la siku nyingi. Martijn Koster alipendekeza utaratibu wake mwaka 1994, roboti za injini za kutafutia zilipokuwa zikizielemea seva, ukaendeshwa kwa mazoea tu hadi Septemba 2022 ulipoandikwa rasmi kuwa kiwango cha intaneti, RFC 9309. Mwezi Novemba mwaka huohuo ikatoka ChatGPT, programu ya AI ya kampuni ya OpenAI. Kiwango chenyewe kinajibu swali moja: roboti iingie ukurasa huu au isiingie? Kuhusu kitakachofanywa na data baada ya kuchotwa, hakisemi neno.

Kampuni zimejaribu kuziba pengo hilo kwa kuzipa roboti zao majina kufuatana na kazi. OpenAI ina GPTBot inayochota data ya kufunzia modeli, yaani mifumo ya AI yenyewe, OAI-SearchBot ya utafutaji ndani ya ChatGPT, na ChatGPT-User inayofungua ukurasa pale mtumiaji anapouliza jambo. Anthropic, wenye AI iitwayo Claude, inazo ClaudeBot, Claude-SearchBot na Claude-User kwa mgawanyo huohuo. Google-Extended na Applebot-Extended ni kitu kingine: hizo si roboti. Hutaziona kamwe kwenye logi za seva, yaani kumbukumbu za nani ameomba ukurasa gani, maana haziendi popote. Ni majina ambayo Google na Apple huyatafuta ndani ya robots.txt ili kujua kama kilicholetwa na Googlebot au Applebot, roboti zao za utafutaji, kinaweza kutumika kufunza modeli zao. Asiyelijua hili hukagua logi, asiione Google-Extended, akadhani faili lake limekufa. Kisha kuna CCBot ya Common Crawl, shirika lisilo la faida linalohifadhi nakala za kurasa za mtandao na kuzitoa bure. Hifadhi yake imetumika kufunza modeli nyingi, GPT-3 ikiwamo. Ukiizuia CCBot unawazuia pia watafiti wa lugha wasio na mpango wowote wa kuuza modeli. Hilo ni la kupimwa na mtunzi mwenyewe, lakini alipime akijua.

Anayetaka kazi yake ionekane kwenye utafutaji ila isifunze modeli, faili lake linaweza kuwa hivi:

User-agent: GPTBot
User-agent: ClaudeBot
User-agent: CCBot
User-agent: Google-Extended
User-agent: Applebot-Extended
User-agent: Meta-ExternalAgent
Disallow: /

User-agent: *
Disallow: /rasimu/

User-agent ni jina la roboti, Disallow ni njia isiyoruhusiwa kuingia, na Meta-ExternalAgent ni roboti ya kampuni ya Meta. Mistari ya User-agent ikifuatana, kanuni iliyo chini yake inazihusu zote. Nyota ina maana ya "roboti nyingine yoyote isiyotajwa".

Hapa ndipo kosa la kwanza huzaliwa. Wengi hudhani kanuni za nyota zinaihusu kila roboti, na kanuni za roboti iliyotajwa zinaongezwa juu yake. Sivyo. Roboti ikikuta kundi lenye jina lake, inafuata kundi hilo peke yake na kuliacha la nyota. Tuseme kundi la nyota limezuia /rasimu/, kisha ukaandika kundi la GPTBot lenye "Disallow: /picha/" tu, ukiamini umeiongezea masharti. Matokeo yake umeifungulia rasimu. Kila unachotaka kuizuia roboti uliyoitaja, kirudie ndani ya kundi lake.

Kosa la pili ni alama ya mkwaju. "Disallow: /" inafunga tovuti nzima. "Disallow:" isiyo na kitu mbele yake inafungua tovuti nzima. Herufi moja, maana mbili zilizo kinyume. Vilevile "Disallow: /picha" inagusa hata /picha-za-zamani na /pichani, ilhali "/picha/" inagusa tu kilicho ndani ya folda hiyo. Herufi kubwa na ndogo katika njia za mafaili ni vitu viwili tofauti: ukizuia /Picha/, folda ya /picha/ iko wazi.

Kosa la tatu ni mahali. Faili likae kwenye mzizi wa tovuti, jina lake lote kwa herufi ndogo, matini tupu ya UTF-8 (usimbaji wa kawaida wa herufi). Likiwekwa ndani ya folda, mfano /blogu/robots.txt, hakuna roboti itakayolitafuta huko. Likiandikwa kwa programu ya kuandalia barua likahifadhiwa kama waraka wenye fonti na mitindo, halisomeki. Na kila kikoa kidogo, yaani anwani kama picha.mfano.com chini ya mfano.com, kinahitaji faili lake. Hili huwaponyoka hata mafundi: kurasa ziko kwenye anwani kuu, lakini picha zenyewe hupakuliwa kutoka seva nyingine ya kusambazia mafaili, yenye anwani yake. Mlango wa mbele umeandikwa katazo, na picha zote zinatolewa kupitia mlango wa nyuma usio na tangazo lolote.

La nne halionekani kwa macho, nalo ndilo baya zaidi. Kwa mujibu wa RFC 9309, seva ikijibu ombi la robots.txt kwa msimbo wa kundi la 400, kama 404 (halipo) au 403 (umekatazwa), roboti ina ruhusa ya kuingia popote. Sasa mfikirie msimamizi wa seva aliyeweka ukuta wa ulinzi unaozijibu roboti za AI 403 kwa kila ombi, robots.txt likiwamo. Ukuta unazizuia, sawa. Ila siku ukizimwa kwa matengenezo, roboti iliyonyimwa faili haina katazo lolote mkononi. Kwa hiyo katika kanuni za ukuta huo, robots.txt lenyewe liachwe wazi kwa kila mtu. Kinyume chake, seva ikijibu kwa msimbo wa kundi la 500 (hitilafu ya seva), roboti inatakiwa kuchukulia kwamba tovuti nzima imefungwa, na hapo hata injini za kutafutia zitaanza kukuacha.

Ukaguzi wake hauhitaji fundi. Fungua anwani ya tovuti yako ukiongeza /robots.txt mwishoni, uone matini tupu, siyo ukurasa wenye menyu na picha. Mwenye kujua kutumia terminali, dirisha la kuandikia amri, aandike curl -I na anwani hiyo, aone kama jibu ni 200 (limepatikana) na aina ya faili ni text/plain. Rudia kwa kila kikoa kidogo. Kisha subiri: roboti zinaruhusiwa kutumia nakala ziliyokwisha kuihifadhi kwa hadi saa 24, kwa hiyo ombi la GPTBot kwenye logi saa tatu baada ya kuweka katazo si ushahidi wa ukaidi.

Niseme jambo kuhusu Google, kwa kuwa hapa watunzi wengi wanajidanganya. Google-Extended haigusi utafutaji, wala haigusi majibu ya AI yanayotokea juu ya matokeo ya utafutaji. Majibu hayo yako chini ya Googlebot. Mwenye tovuti asiyetaka maandishi yake yafupishwe pale ana njia ya kutumia nosnippet au max-snippet, amri za kuzuia au kufupisha dondoo, kwenye kurasa zake, lakini njia hiyo hiyo hukata dondoo la kawaida linalomvuta msomaji abofye. Na akiizuia Googlebot yenyewe, ametoka kwenye utafutaji wote. Kwa maoni yangu huo si uchaguzi wa haki, maana mambo mawili tofauti yamefungwa kwa kamba moja, lakini ndivyo mambo yalivyo na ni afadhali mtunzi ajue.

Roboti zinazotumwa na mtumiaji zina utata wake pia. Mtu akiiambia programu ya AI, "nisomee ukurasa huu", zipo kampuni zinazohesabu ombi hilo kuwa la mtu, kama vile ameufungua kwa kivinjari, na hivyo robots.txt halilihusu. Soma maelezo ya kila kampuni kuhusu roboti yake kabla ya kudai kwamba imevunja katazo.

Mpaka hapa nimezungumzia mwenye tovuti. Lakini mtunzi mara nyingi siye mwenye tovuti. Mpiga picha anayeuzia gazeti, mchoraji anayepakia kazi kwenye jukwaa la watu wote, mwandishi ambaye hadithi yake iko kwenye tovuti ya mchapishaji: wote hawa hawana mkono kwenye robots.txt. Na hata mwenye nayo, katazo lake linahusu anwani, haliihusu kazi. Picha ikinakiliwa ikawekwa kwenye tovuti nyingine isiyo na katazo, imeachwa uchi. Ndiyo maana inahitajika ishara ya pili, inayokaa ndani ya faili na kusafiri nalo.

Kwa picha, ishara hiyo ipo. Kiwango cha IPTC, shirika la viwango vya habari, cha metadata ya picha (maelezo yanayokaa ndani ya faili) kiliongezewa mwaka 2023 sehemu iitwayo Data Mining, iliyotokana na muungano wa PLUS unaoshughulikia leseni za picha. Thamani zake ni za kuchagua, si za kujitungia: DMI-PROHIBITED-GENAIMLTRAINING hukataza kufunza AI ya kuzalisha, DMI-PROHIBITED-AIMLTRAINING hukataza kufunza AI ya aina yoyote, na DMI-PROHIBITED-EXCEPTSEARCHENGINEINDEXING hukataza uchimbaji wote wa data, yaani kuichota na kuichambua kwa kompyuta, isipokuwa wa injini za kutafutia. Hii ya mwisho ndiyo ninayowashauri wengi waichague, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na wanachokitaka. Programu ya bure ya ExifTool inaweza kuijaza kwa folda nzima ya picha mara moja, na amri ya exiftool -XMP-plus:all ikifuatiwa na jina la picha itakuonyesha kilichomo.

Jaza pia jina la mtunzi na tamko la hakimiliki. Katazo lisilo na jina la anayekataza halina wa kuulizwa.

Udhaifu wake ni huu: metadata inafutika kirahisi mno. Mitandao ya kijamii mingi huifuta picha zinapopakiwa, na programu nyingi za kupunguza ukubwa wa picha hufanya vivyo hivyo ili faili liwe jepesi. Jaribio ni rahisi: pakia picha iliyojazwa, ipakue tena kutoka kwenye ukurasa uliochapishwa, siyo kutoka kwenye maktaba ya ndani, uisome kwa ExifTool. Usishangae ukikuta patupu. Utaratibu wa C2PA, unaoambatisha kwenye faili rekodi ya asili yake iliyotiwa saini ya kidijitali, nao unaweza kubeba tamko kuhusu kufunza AI, na saini yake huonyesha kama rekodi imechezewa. Lakini saini haizuii rekodi nzima kung'olewa.

Kwa matini na vitabu kuna TDMRep, utaratibu wa kutangaza kama haki ya kuchimba matini na data imehifadhiwa, ulioandaliwa na kikundi cha jumuiya cha W3C, shirika la viwango vya wavuti. Unawekwa kwa njia yoyote kati ya hizi: faili la tdmrep.json ndani ya folda ya /.well-known/, kichwa cha HTTP (maelezo ambayo seva hutuma pamoja na ukurasa) kisemacho tdm-reservation: 1, au tagi ya meta yenye jina na thamani hizohizo ndani ya ukurasa. Moja maana yake haki zimehifadhiwa. Sifuri maana yake hazikuhifadhiwa. Unaweza kuongeza tdm-policy, kiungo kinachoeleza masharti na wa kuwasiliana naye kwa leseni. Inawezekana kuuweka hata ndani ya EPUB, muundo wa vitabu vya kielektroniki, jambo ambalo robots.txt haliliwezi.

Uzito wa ishara hizi hutegemea sheria. Ulaya ndiko ulikoandikwa waziwazi. Agizo la Umoja wa Ulaya 2019/790, kifungu cha 4, linaruhusu kuchimba matini na data kutoka kazi zinazopatikana kihalali isipokuwa mwenye haki amejihifadhia haki hiyo kwa namna inayofaa, na kwa kazi zilizo mtandaoni ikatajwa njia inayosomeka na mashine. Sheria ya akili unde ya Umoja huo, 2024/1689, katika kifungu cha 53, ikawataka watoaji wa modeli za matumizi ya jumla wawe na sera ya kutambua na kuheshimu makatazo hayo, na wajibu huo ulianza tarehe 2 Agosti 2025. Mwongozo wa utendaji uliotolewa Julai 2025 unawafunga waliousaini wafuate robots.txt. Kumbuka lakini kwamba kifungu cha 3 cha Agizo kinawaruhusu watafiti wa kisayansi kuchimba hata kama umekataa. Kesi ya mpiga picha Robert Kneschke dhidi ya LAION, shirika la Ujerumani linaloandaa data za kufunzia AI, iliamuliwa Hamburg Septemba 2024 kwa msingi huohuo wa utafiti, na mpiga picha akashindwa. Mahakama ilidokeza pia kwamba huenda katazo la lugha ya kawaida likahesabiwa kusomeka na mashine, lakini hiyo haikuwa sababu ya hukumu. Asijengee mtu nyumba juu ya kauli ya pembeni.

Leseni za Creative Commons, zinazoruhusu kazi itumike bure kwa masharti, nazo zinaeleweka vibaya. Kuweka NC, yaani isiwe kwa biashara, hakumwambii roboti chochote, na pale sheria inaporuhusu matumizi bila leseni, masharti ya leseni hayafanyi kazi. Creative Commons wenyewe waliliona pengo, wakatangaza Juni 2025 pendekezo la CC signals.

Viwango vingine vinachipuka kila msimu. IETF, wanaotunza viwango vya intaneti, wanaandaa msamiati wa pamoja na mstari wa Content-Usage utakaotenganisha matumizi badala ya majina ya roboti. Wakati naandika, bado ni rasimu. Cloudflare, kampuni inayolinda tovuti, walitoa Septemba 2025 mstari wao wa Content-Signal, wenye search (utafutaji), ai-input (kutumika katika majibu ya AI) na ai-train (kufunza modeli), kila kimoja ndiyo au hapana. RSL, kiwango kingine cha mwaka huohuo, inataja masharti ya leseni na malipo. Roboti isiyoujua mstari huuruka, kwa hiyo kuongeza mmoja hakuharibu faili. Kinachoharibu ni kugongana. Ukiandika ai-train=no hapa, na kule TDMRep yako inasema sifuri, umempa wakili wa upande wa pili zawadi. Chagua njia mbili au tatu, ziseme jambo moja.

Na iwe wazi kwamba hakuna ishara iliyo kufuli. RFC 9309 yenyewe inasema kanuni zake si njia ya kudhibiti ruhusa ya kuingia. Roboti mbaya hulipita katazo, na nyingine hujiita Googlebot. Kabla ya kuilaumu kampuni kwa kilichoandikwa kwenye logi, linganisha anwani ya IP (namba ya mtandao ya aliyeomba ukurasa) na orodha inayochapishwa na kampuni hiyo. Anayetaka kufuli aweke nenosiri, ukuta wa malipo, au azuie kwenye seva. Wachoraji wana pia Glaze na Nightshade, zana za Chuo Kikuu cha Chicago zinazobadilisha picha kwa kiasi ambacho jicho halikitambui kirahisi ili kuivuruga modeli. Hizo ni kinga na mtego, siyo tangazo la matakwa, na zisichanganywe. Wala katazo la leo halirudi nyuma kuondoa kilichochotwa mwaka juzi. Ndiyo sababu tarehe ni muhimu: kila ukibadilisha robots.txt, weka nakala yenye tarehe, na omba Wayback Machine, hifadhi ya umma ya nakala za kurasa, ihifadhi faili hilo. Siku ya mabishano swali la kwanza litakuwa katazo lilianza lini.

Kwa video na muziki, swichi iko mikononi mwa jukwaa. YouTube iliweka mwishoni mwa 2024 chaguo la kuruhusu kampuni za nje zifunze kwa video zako, nalo huwa limezimwa hadi uliwashe. Linahusu kampuni za nje tu.

Mhariri, ombi langu kwa gazeti lako na wachapishaji wengine ni dogo, kwa sababu ninyi ndio wenye ufunguo wa mzizi wa tovuti. Katika mkataba wa mchangiaji wekeni swali la kujibiwa ndiyo au hapana, likitenganisha utafutaji, kufunza modeli, na kutumika katika majibu ya AI. Wapo watakaosema ndiyo kwa yote, na jibu lao lina haki ya kufika sawa na la wanaokataa. Wekeni kazi za waliokataa chini ya njia inayoweza kuzuiwa peke yake, mfano /wachangiaji/, maana zikichanganyika na habari za kila siku fundi hana pa kuandika mstari. Kisha mwambieni fundi azime ufutaji wa metadata pale picha zinapopunguzwa ukubwa. Kwenye mifumo mingi ya kuchapishia hilo ni badiliko la mpangilio mmoja, na uzito unaoongezeka kwa kila picha ni wa kilobaiti chache.

Wako,
Msimamizi wa seva za wachapishaji